Guglielmo Marconi: kijana aliyeifanya simu ya upepo kuwa kampuni

Simu iliyo mfukoni mwako ni redio. Unapopiga, sauti yako hugeuzwa kuwa umeme, kisha umeme huo hurushwa hewani ukiwa mawimbi yasiyoonekana, na mnara ulio juu ya kilima huyadaka na kuyapeleka mbele. Redio unayoisikiliza shambani au jikoni nayo hutegemea mawimbi ya jamaa hiyo hiyo. Hayahitaji waya wala barabara, na hayaombi ruhusa mpakani.

Zamani, kabla neno redio halijazoeleka, njia hii ya kupeleka habari iliitwa kwa Kiswahili simu ya upepo. Aliyeitoa katika meza za maprofesa na kuifanya huduma ya kuokoa watu baharini na kupeleka habari kutoka bara moja hadi jingine ni Mwitaliano Guglielmo Marconi. Jina lake la kwanza hutamkwa Gulyelmo. Hakuwa profesa na hakuwa na shahada. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu kampuni yake ilipoandikishwa mjini London.

Maisha yake yana mengi, lakini swali moja linayapitia yote. Habari ikisharushwa hewani, ni mali ya nani? Marconi alitaka njia hiyo iwe mali ya kampuni yake. Uzeeni aliiweka mikononi mwa dola ya kidikteta. Mara zote mbili mawimbi yalikwenda yalikotaka.

Kijana wa Pontecchio

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 mjini Bologna, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo wenye kiwanda mashuhuri cha wiski. Nyumba yao ya shamba, Villa Griffone, ilikuwa kwenye kijiji cha Pontecchio, nje ya mji wa Bologna.

Masomo yake hayakunyooka. Alifundishwa zaidi nyumbani na walimu wa kulipwa, na hakupata nafasi katika chuo cha jeshi la majini wala katika chuo kikuu. Alichopenda ni umeme. Profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Bologna, Augusto Righi, aliyekuwa jirani yao, alimruhusu kuhudhuria mihadhara yake ingawa hakuwa mwanafunzi rasmi.

Wakati huo wanasayansi walikuwa wameshayajua mawimbi haya. Mskoti James Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu, na mwishoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Heinrich Hertz akayazalisha maabarani kwa kutumia cheche za umeme. Hertz alifariki Januari 1894 akiwa na miaka 36. Katikati ya mwaka huo Marconi, kijana wa miaka 20, alisoma makala ya kumkumbuka. Akajiuliza: kama mawimbi haya hupita hewani bila waya, kwa nini yasibebe telegramu?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, tukumbuke habari za haraka zilivyosafiri siku hizo. Mtu wa telegrafu aligonga kitufe, na nukta na vistari vya alfabeti ya Morse vikapita ndani ya waya hadi upande wa pili. Palipokuwa na waya, habari ilifika upesi. Zanzibar, kwa mfano, iliunganishwa na dunia mwaka 1879 kwa waya mnene uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden. Lakini meli iliyotoka bandarini Zanzibar, ikishatoweka machoni, haikuweza kusema wala kuambiwa kitu mpaka ifike bandari nyingine. Ikizama njiani, waliobaki nchi kavu walikaa wakingoja tu, hadi siku zilipowaambia kwamba haitarudi.

Kengele darini, risasi nyuma ya kilima

Marconi alianza kazi katika dari ya nyumba yao. Mtambo wake wa kurushia ulitoa cheche kama wa Hertz. Wa kupokelea ulikuwa na kijibomba cha kioo chenye unga wa metali ndani yake. Wimbi likifika, chembe za unga hushikamana na kuruhusu umeme kupita. Kisha kinyundo kidogo hukigonga kijibomba ili chembe ziachane, tayari kwa wimbi linalofuata.

Vifaa hivi havikuwa vyake tangu mwanzo. Mfaransa Edouard Branly na Mwingereza Oliver Lodge walikuwa wameshakishughulikia kijibomba hicho kabla yake. Katika miaka hiyo hiyo Jagadish Chandra Bose kule India na Aleksandr Popov kule Urusi nao walikuwa wakiyanasa mawimbi kwa vifaa vyao. Tofauti ya Marconi ni kwamba hakutafuta kuyaeleza mawimbi. Alitaka yatumike. Alibadili metali moja baada ya nyingine, akabadili ukubwa wa kijibomba, akarudia na kurudia, mpaka akaweza kubonyeza kitufe upande mmoja wa chumba na kengele ikalia upande wa pili pasipo waya kati yake.

Mwaka 1895 alitoka nje. Hapo ndipo alipopata jambo lililobadili kila kitu. Alifunga bati moja juu ya nguzo na jingine akalifukia ardhini. Kadiri alivyoliinua bati la juu, ndivyo habari ilivyokwenda mbali zaidi. Mita zikawa mamia ya mita, na hatimaye takriban kilomita mbili, hadi nyuma ya kilima ambako macho hayafiki. Inasimuliwa kwamba kaka yake Alfonso alikaa upande wa pili wa kilima na bunduki, na alipoona mtambo umepokea alama, akapiga risasi hewani ili mdogo wake ajue.

Msikilizaji anayefunga kipande cha waya kwenye eriali ya redio yake na kukipandisha juu ya mwembe ili stesheni ishike vizuri anatumia somo hilo hilo. Eriali iliyoinuliwa, na upande wa pili kuunganishwa na ardhi: huo ndio mchango wa Marconi ambao hata wapinzani wake waliutambua.

Kampuni yaanzishwa London

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza akiwa na mama yake. Uingereza ndiyo iliyokuwa na meli nyingi kuliko nchi yoyote, na ndiko walikokuwa jamaa wa mama. Binamu yake, mhandisi Henry Jameson Davis, alimjulisha kwa watu. Tarehe 2 Juni 1896 Marconi aliomba hataza, yaani haki ya kisheria inayomzuia mwingine kutumia uvumbuzi wako kibiashara kwa muda fulani bila idhini yako.

Mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, William Preece, alimpokea vizuri na kumsaidia kufanya majaribio hadharani. Mei 1897 habari ilivuka maji ya mlango wa bahari wa Bristol, kutoka pwani ya Wales hadi kisiwa cha Flat Holm, umbali wa kilomita 6 hivi, na siku chache baadaye ikavuka takriban kilomita 16. Preece alidhani serikali ndiyo itakayouendeleza uvumbuzi huu. Marconi na jamaa zake waliamua vingine.

Tarehe 20 Julai 1897 iliandikishwa kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina lake Marconi, ikiwa na mtaji wa pauni 100,000. Baadhi ya walioweka fedha walikuwa wafanyabiashara wa nafaka waliofahamiana na Davis. Marconi alipewa pauni 15,000 taslimu na zaidi ya nusu ya hisa, naye akaipa kampuni hataza yake. Mwishoni mwa 1898 kampuni ilifungua kiwanda katika mji wa Chelmsford, kiwanda cha kwanza duniani cha mitambo ya simu ya upepo.

Biashara yenyewe ilihitaji ubunifu kama mitambo ilivyohitaji. Sheria ya Uingereza iliipa Posta peke yake haki ya kupeleka telegramu za kulipia. Kwa hiyo kampuni haikuuza telegramu, wala haikuuza mitambo kwa wenye meli. Ilikodisha mtambo pamoja na fundi wa kuutumia, kama mtu anayekodisha trekta pamoja na dereva wake. Fundi alikaa ndani ya meli, lakini mwajiri wake alikuwa Marconi.

Faida ya huduma hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1899 meli yenye taa, iliyotiwa nanga kwenye mafungu hatari ya mchanga ya Goodwin ili kuwaonya mabaharia, iliita msaada kwa simu ya upepo. Kwa mara ya kwanza watu waliokuwa hatarini majini waliweza kuwaambia walio nchi kavu wakati huo huo. Machi mwaka huo habari ilivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza.

Herufi moja kuvuka Atlantiki

Wataalamu wengi waliamini kwamba simu ya upepo haiwezi kwenda mbali sana. Mawimbi, walisema, husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia imeviringika. Mbele ya safari yangeipita ardhi na kupotelea angani. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Marconi hakuwa na hoja ya kuijibu, ila alikuwa na uzoefu wa kilima cha Pontecchio.

Akaamua kuijaribu bahari ya Atlantiki. Kampuni ilijenga kituo kikubwa Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza, mitambo yake ikiwa imebuniwa kwa msaada wa profesa John Ambrose Fleming. Septemba 1901 dhoruba iliiangusha milingoti ya Poldhu. Novemba ikaangusha ile ya upande wa Marekani. Fedha nyingi za wenye hisa zilikuwa zimelala chini, zimevunjika.

Marconi hakungoja ijengwe upya kama ilivyokuwa. Poldhu ikawekewa nyaya za muda, naye akaenda na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget, hadi Newfoundland, upande wa Amerika ulio karibu zaidi na Ulaya. Hawakuwa na mlingoti. Walirusha tiara kwenye upepo mkali juu ya kilima cha Signal Hill, nayo ikaubeba waya wa eriali. Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa ameweka kisikilizio sikioni, Marconi alisema amesikia nukta tatu, herufi S ya Morse, kutoka Poldhu. Umbali ulikuwa takriban kilomita 3,500.

Mashahidi walikuwa yeye na Kemp tu, na hakuna kilichoandikwa na mashine. Wapo waliotilia shaka, na mpaka leo wapo wataalamu wanaosema huenda walichosikia ni mikwaruzo ya radi. Marconi alijibu kwa kazi. Mwanzoni mwa 1902, ndani ya meli Philadelphia, alipokea alama kutoka Poldhu zikiwa zimechapwa kwenye utepe wa karatasi mbele ya nahodha. Humo pia aligundua kwamba usiku mawimbi yalifika mbali kuliko mchana, jambo ambalo msikilizaji wa masafa ya kati analijua bila kufundishwa.

Maelezo yalikuja baadaye. Juu sana angani mna tabaka zilizochajiwa umeme na miale ya jua, nazo huyarudisha mawimbi chini kama ukuta unavyorudisha mpira. Kwa hiyo wataalamu walikuwa na haki kuhusu mstari ulionyooka, na Marconi alikuwa na haki kuhusu kujaribu.

Hewa haina kufuli

Kampuni sasa ilitaka kuwa peke yake. Mafundi wake waliamriwa wasizungumze na kituo wala meli yenye mitambo ya kampuni nyingine, isipokuwa panapotokea hatari. Marconi alitetea amri hiyo kwa kusema kampuni ndiyo iliyogharamia mtandao. Mwaka 1902 mwana wa kifalme Heinrich, ndugu wa Mfalme wa Ujerumani, alikuwa akirudi kutoka Marekani kwa meli yenye mitambo ya Kijerumani. Vituo vya Marconi havikumhudumia.

Mwaka uliofuata kampuni ilipata fedheha ya aina nyingine. Marconi alikuwa amepata hataza mpya mwaka 1900, yenye namba 7777, ya kuwezesha mtambo kuchagua masafa yake, kama unavyozungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni. Kampuni ilitangaza kwamba kwa njia hiyo habari zake haziwezi kuingiliwa. Juni 1903 profesa Fleming alikuwa akilionyesha jambo hilo mbele ya hadhira mjini London. Kabla hajamaliza, mtambo ukaanza kupokea maneno ya dhihaka dhidi ya Marconi. Aliyeyatuma alikuwa mfanya mazingaombwe Nevil Maskelyne, kwa mtambo wake mdogo aliouweka karibu na hapo. Fleming alikasirika na kulalamika magazetini, lakini somo lilikuwa limeshatolewa. Kilicho hewani kinaweza kusikika na yeyote mwenye kifaa. Ndiyo sababu simu za leo huyafumba mazungumzo yako kwa msimbo wa siri kabla ya kuyarusha.

Serikali nazo ziliingilia kati. Mkutano wa Berlin wa 1906 ulikubaliana kwamba vituo vya pwani vihudumie meli zote bila kujali mitambo yao ni ya nani, na kwamba alama moja ya hatari, SOS, itumike na wote.

Titanic

Thamani ya simu ya upepo ilidhihirika Januari 1909. Meli Republic iligongwa kwenye ukungu karibu na pwani ya Marekani, na fundi wa Marconi, Jack Binns, akaita msaada kwa saa nyingi kwenye baridi kali. Watu zaidi ya 1,500 wa meli mbili zilizogongana waliokolewa. Mwaka huo Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, ambaye mitambo yake ilishindana na ya Marconi.

Usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912, ikaja Titanic. Mafundi wake wawili, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa Marconi. Siku nzima walikuwa na mrundikano wa salamu za abiria, ambazo ndizo zilizoingiza fedha. Usiku fundi wa meli Californian alianza kuwaeleza kwamba meli yake imezingirwa na barafu. Phillips, akiwa katikati ya kutuma salamu hizo, alimkatiza. Fundi yule wa Californian alikuwa peke yake katika zamu. Baadaye alizima mtambo akalala. Titanic ilipogonga barafu na kuita, meli iliyokuwa karibu haikusikia.

Aliyesikia ni fundi wa meli Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi. Ilipofika, Titanic ilikuwa imeshazama. Watu wapatao 1,500 walikufa, Phillips akiwa mmoja wao, na zaidi ya 700 waliokolewa. Bila simu ya upepo huenda hao nao wasingepatikana. Lakini kama onyo la barafu lingetangulizwa mbele ya salamu za kulipia, na kama mtu angekuwa macho kwenye mtambo wa Californian, hesabu ingeweza kuwa tofauti kabisa. Marconi alishangiliwa na walionusurika, na hapo hapo akaitwa kujieleza mbele ya wachunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani.

Baada ya hapo sheria zilibadilika. Mkutano wa London wa 1912 ulizilazimu meli zote kuzungumza bila kujali kampuni, na mkataba wa usalama wa baharini wa 1914 ukaweka msingi wa kusikiliza alama za hatari saa 24. Amri ya zamani ya kampuni haikuwa na pa kusimama tena.

Mwaka huo huo kampuni ilichafuka kwa sababu nyingine. Ilibainika kwamba mawaziri wa serikali ya Uingereza walinunua hisa za kampuni dada ya Marekani wakati kampuni mama ilikuwa ikipewa mkataba mkubwa na serikali hiyo. Mmoja wao alikuwa ndugu wa mkurugenzi mtendaji wa kampuni. Bunge lilichunguza, na jina Marconi likawa jina la kashfa. Septemba 1912 Marconi mwenyewe alipata ajali ya gari Italia na kupoteza jicho la kulia.

Sauti na masafa mafupi

Mitambo ya kwanza ya Marconi ilipeleka nukta na vistari tu. Sauti ya binadamu ilihitaji uvumbuzi wa watu wengine, na hasa taa maalumu ya kioo ambayo aina yake ya mwanzo ilibuniwa na Fleming mwaka 1904. Juni 1920 mwimbaji maarufu wa Australia, Nellie Melba, aliimba katika kiwanda cha Chelmsford, na wasikilizaji wa nchi mbalimbali wakamsikia. Mwaka 1922 kampuni ya Marconi pamoja na watengenezaji wengine wa redio waliunda BBC, ambayo miaka 35 baadaye, Juni 1957, ilianza kutangaza kwa Kiswahili.

Marekani, kwa upande wake, haikutaka mawasiliano yake yawe mikononi mwa kampuni ya kigeni. Mwaka 1919 kampuni ya Marconi ya huko ilinunuliwa na kugeuzwa kuwa RCA.

Kwa msikilizaji wa kijijini, kazi kubwa zaidi ya Marconi huenda ni ile aliyoifanya akiwa na umri wa karibu miaka 50. Kwa miaka mingi yeye na wengine waliamini kwamba mawimbi marefu ndiyo yafikayo mbali, na vituo vikawa na milingoti mirefu sana na mitambo ilayo umeme mwingi. Mwaka 1923, akiwa ndani ya Elettra, meli aliyoigeuza kuwa nyumba na maabara, alisafiri hadi visiwa vya Cape Verde akipima mawimbi mafupi kutoka Poldhu, ambako mhandisi wake Charles Franklin alikuwa ameunda eriali ya kuyaelekeza upande mmoja kama mwanga wa tochi. Yalifika kwa nguvu, kwa umeme kidogo.

Mwaka 1926 na 1927 vituo vya aina hiyo viliiunganisha Uingereza na Kanada, Australia, Afrika Kusini na India kwa gharama ndogo kuliko nyaya za baharini. Nyaya zilipoteza biashara kiasi kwamba mwaka 1929 kampuni zake, ikiwemo jamaa ya ile iliyofika Zanzibar 1879, zikaunganishwa na huduma za mawasiliano za Marconi, na baadaye zikaitwa Cable and Wireless. Masafa mafupi ndiyo yaliyowawezesha watu wa vijiji vya Afrika Mashariki, kwa miongo mingi, kusikiliza taarifa ya habari kutoka Ulaya kwa redio ndogo ya betri.

Mtumishi wa Mussolini

Kuna sura ya maisha yake ambayo wasimuliaji wengi huipita haraka. Marconi alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini mwaka 1923. Alipewa uongozi wa Baraza la Taifa la Utafiti, kisha mwaka 1930 wa Chuo cha Kifalme cha Wanazuoni wa Italia, na cheo cha umarkizi. Nyaraka zilizochunguzwa miaka mingi baada ya kifo chake zinaonyesha kwamba katika orodha za wanaopendekezwa kuingia chuo hicho, majina ya wasomi wa Kiyahudi yaliwekewa alama, na hakuna aliyechaguliwa.

Oktoba 1935 majeshi ya Italia yalivamia Ethiopia, yakaua kwa mabomu na kwa gesi ya sumu. Marconi aliutetea uvamizi huo, akasafiri nje kueleza upande wa Italia. Alipotaka kuzungumza kupitia BBC, alikataliwa. Shirika ambalo kampuni yake ilishiriki kulizaa lilimfungia kipaza sauti.

Mwaka huo huo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alitumia kituo cha redio karibu na Addis Ababa kuzungumza na watu wa Marekani kwa masafa mafupi, akiomba dunia isimwache. Dunia ilimwacha, lakini ilimsikia. Mawimbi ambayo Marconi alikuwa ameyafungulia njia yalimbeba mtu ambaye Marconi alikuwa akiunga mkono kuangushwa kwake.

Dakika mbili

Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Alifariki mjini Rome tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63, miaka 40 kamili tangu siku kampuni yake ilipoandikishwa. Alimwacha mke wake wa pili, Maria Cristina, na mtoto wao wa kike, pamoja na watoto watatu wa ndoa yake ya kwanza na Beatrice O'Brien. Italia ilimzika kitaifa. Kesho yake vituo vya redio vya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili.

Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu kubwa ya hataza yake muhimu ya nchi hiyo, ikisema Oliver Lodge, Nikola Tesla na John Stone Stone walimtangulia katika mambo yaliyodaiwa humo. Wengi husema uamuzi huo ulimtaja Tesla kuwa mvumbuzi wa redio. Sivyo. Mahakama iliamua kesi ya hataza tu. Jibu la haki ni kwamba redio ilivumbuliwa na wengi, na Marconi ndiye aliyeikusanya, akaifikisha baharini, na akaiwekea kampuni, kiwanda na mafundi waliolipwa mshahara.

Kampuni yenyewe haikudumu milele. Ilinunuliwa mwaka 1946, ikabadilishwa mikono, na mwaka 2001 thamani ya hisa zake ikaporomoka vibaya. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilinunuliwa na Ericsson ya Sweden, kampuni inayotengeneza mitambo ya minara ya simu katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Leo masafa ya redio na simu hugawiwa na serikali kwa leseni, na nchi hukubaliana kimataifa nani atumie yapi, ili sauti zisigongane. Chanzo cha utaratibu huo ni mikutano ile ya Berlin na London, iliyoitishwa kwa sababu mtu mmoja hodari alitaka hewa iwe yake. Na mpaka leo meli ikipatwa na hatari baharini, yeyote anayesikia wito wake anapaswa kuujibu, bila kuuliza mtambo ni wa kampuni gani.